Mama Koma na Wanawake wa Mstari Mmoja

Miaka thelathini na mitatu! Mama Koma alianza usahihishaji katika kiwanda chetu cha vitabu vya dini akiwa binti wa miaka ishirini na saba, na anastaafu leo, tarehe 30 Juni, akiwa na jozi tatu za miwani na kalamu nyekundu ambayo haazimi mtu. Mimi ndiye mjalidi; kazi yangu ni kushona kurasa ziwe kitabu, si kuziandika. Hata hivyo niliuomba ukurasa huu wa jarida letu kwa magoti, kwa sababu kuna jambo lazima linyooshwe kabla hajakabidhi funguo.

Jina la Koma alilipata siku yake ya tatu kazini, aliposimamisha mtambo kwa ajili ya koma moja iliyokosekana katika kitabu cha mahubiri. Fundi mitambo alinuna wiki nzima.

Lakini wasomaji hawamjui kwa koma, jamani. Wanamjua kwa hadithi za mapenzi anazoziandika! Wanawake ambao Biblia imewapa mstari mmoja au miwili kisha ikaendelea na safari zake, yeye aliwakalisha chini akawauliza walimpenda nani. Sheria yake ilikuwa moja: palipoandikwa hagusi, palipoachwa wazi ndipo pake. Aksa, aliyeahidiwa kuozwa kwa yeyote atakayeuteka mji, alipewa kurasa mia za kuomba dua autwae Othnieli na si yule jirani mwenye majivuno. Akina dada wa idara ya vifurushi walijua vita vile vinaishaje, imeandikwa, na bado walilia. Mchungaji mmoja alikuja kulalamika kwamba tunafundisha watu mahaba. Akiwa anamsubiri mkurugenzi, akafungua kitabu kusogeza muda, na aliondoka na nakala mbili, moja ya mama mchungaji.

Kisha akaja Rode. Mnamkumbuka, yule mtumishi wa Matendo ya Mitume: Petro anabisha langoni, binti anaitambua sauti, na kwa furaha anasahau kufungua, anakimbilia ndani kutoa habari. Wakamwambia ana wazimu. Mama Koma akasema binti anayesahau komeo ana mtu moyoni, akamletea fundi wa makufuli. Weee! Kiwanda kizima hakikukalika. Ukurasa wa 112, fundi anabisha lango lilelile, Rode kashika komeo...

Na kitabu kikaishia hapo.

Mwandishi hakupenda iwe hivyo. Vitabu vyetu hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita, na fungu la mwisho, lenye jibu, halikushonwa. Nakala elfu mbili zikaenda madukani. Barua zilikuja kwa magunia! Mama mmoja alipiga simu kumwonya Rode asifungue mpaka huyo kijana aseme amekuja kufanya nini. Toleo la pili, lililokamilika, liligombewa gundi ikiwa bado mbichi.

Ofisini hakuna aliyecheka. Utaratibu wetu ni kwamba msahihishaji hutia sahihi nakala ya mfano, nayo hukaa mezani kwa mjalidi ili alinganishe kila anachoshona. Kikaoni, bila mtu kuifungua nakala hiyo, walidai ametia sahihi nakala pungufu; Mama Koma alisema tu kwamba sahihi ni yake. Akapewa barua ya onyo. Kwa barua hiyo aliukosa uhariri mkuu mara mbili, na wale waliompita aliwafundisha kazi yeye mwenyewe.

Sasa nisikilizeni, maana nimelibeba hili miaka ishirini na moja. Nakala aliyotia sahihi ilikuwa kamili. Mimi niliifanya kikalio cha chupa ya chai, nikashona kwa mazoea, fungu la nane nikalisahau. Nilikuwa na onyo la mwisho, na mke wangu alikuwa amejifungua mapacha wiki ileile. Kikaoni nilitazama viatu vyangu. Naona aibu mpaka leo.

Wiki iliyopita nilimfuata nikamwambia. Hakushtuka hata kidogo. Alijua tangu siku ile, kwa sababu nakala ilimrudia na duara la chai juu ya jalada. Akaniuliza mapacha wako darasa la ngapi siku hizi, nikamwambia mmoja keshaoa, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mimi nilitoka pale nalia, nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Jana asubuhi amejibu: ile barua imetolewa kwenye faili! Nimeruka kama mtoto, waulizeni wa stoo.

Dada yetu, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa moyo huo. Nenda ukaandike kwa raha zako; Agano la Kale bado lina wanawake foleni nzima wanakusubiri. Mungu akupe siku nyingi na tamu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa vitabu, na kitabu kilichotoka na kosa hubandikwa karatasi, yetu ni hii:

MASAHIHISHO. Katika faili la utumishi la Mama Koma, palipoandikwa “uzembe wa msahihishaji”, pasomeke “uzembe wa mjalidi”. Mjalidi anaomba radhi.