Mama Zuleha na Ziwa la Musoma

Tangu basi lipite Dumila, mama wa kiti cha mbele yangu alikuwa akiilalamikia Musoma. Alikwenda kumtembelea bintiye Zuleha, mwalimu wa huko, akaamua kurudi mapema.

"Kila jioni ananipeleka ufukweni, baba. Samaki mtamu, sikatai. Tukishakula, tunaangalia ziwa. Nikamuuliza, Zuleha, kwani tunamsubiri nani?"

Jirani yake wa kiti, kijana wa Musoma anayesoma chuoni Mzumbe, akashika kichwa. "Mama, pale ndipo tunapopeleka wageni wa heshima! Hukuyaona yale mawe makubwa, ndege wakitua?"

"Niliyaona. Mawe yamekaa, na mimi nimekaa."

Watu wakacheka. Mimi, nisiyependa umbea, nikachomoa spika za simu masikioni nisikie vizuri.

"Sasa eti anataka nihamie kabisa," mama akaendelea. "Kwangu Mgeta, mlimani Uluguru, nina kabichi zangu, nina karoti. Kule nitafanya nini, nilinde ziwa?"

"Anataka upumzike tu, mama."

"Nimemwambia nimechoka?"

Tulipofika Kihonda wingu likafunguka, milima ya Uluguru ikajitokeza yote. Mama akabandika shavu kwenye kioo cha dirisha. Simu yake ikaita mara mbili ndipo akashtuka.

"Ee Zuleha, ndiyo tunaingia stendi ya Msamvu. Hapana, sifanyi kitu, mwanangu. Nimekaa tu, naangalia mlima."

Alipokata simu, kijana akamwinamia kwa adabu zote. "Samahani mama, kwani tunamsubiri nani?"

Mama akamchapa kofi la begani, na basi likasimama.