Mama Asiyemtaja Mumewe: Kumuaga Dada Nalini

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, saa kumi na moja jioni, Dada Nalini Karmarkar atarudisha funguo za Ofisi ya Msaada wa Familia, hapa Edison, New Jersey, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na tisa. Nimeombwa niandike sifa zake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Naanza na ile anayoificha: Dada Nalini ni mwoga. Sijaona mtu mwenye tumbo joto kama yeye, na zipo familia mia kadhaa zinazokula pamoja na wazazi wao leo kwa sababu ya woga huo.

Aliajiriwa mwaka 1990 kama mpiga chapa. Haikupita miaka mitatu akawa anaandaa maombi ya raia wa nchi hii wanaotaka kuwaleta wazazi wao kutoka kwetu, jimbo la Maharashtra, India. Fomu inadai cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Wazazi wetu walizaliwa majumbani kwa bibi zao, wakaozwa uani mbele ya kuhani na kijiji kizima, na hakuna aliyeona haja ya karatasi. Kwa hiyo Nalini alisaka vilivyobaki: barua ya manispaa kwamba kumbukumbu haikupatikana, cheti cha kumaliza shule, na viapo vya wazee wawili waliokuwapo.

Wazee hao ndio waliomkosesha raha. "Shangazi yako ana miaka themanini na tisa, halafu unaniambia mwezi ujao?" alikuwa akifoka kwenye simu. "Mpigie leo! Kile kikohozi chake hakijui mwezi ujao."

Mwaka 2003 ilikuja barua ya serikali ikiuliza, kwa adabu ya kutisha, imekuwaje waombaji kumi na wanane wa ofisi moja wawe wamezaliwa tarehe mosi Juni. Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Feldman, alibadilika rangi. Nalini alimwagia jalada chai. Kisha akaketi, akaeleza kwa kurasa mbili kwamba kwetu shule hufunguliwa Juni, na mwalimu akiletewa mtoto ambaye siku yake haijulikani, humwandikia Juni mosi na kuita anayefuata. Nakala ya maelezo yale tunaitumia mpaka leo. Ukichungulia pasipoti ya Nalini mwenyewe, utakuta naye ni wa Juni mosi.

Lakini kazi iliyomtia mvi ni ya akina Shelar.

Shirish Shelar, mfamasia wetu wa mtaa wa Oak Tree, aliwaombea wazazi wake wote wawili, Mzee Ganpatrao na Mama Yamunabai, wakulima wa manjano kutoka mji wa Wai kule Maharashtra. Upande wa mama haukuwa na shida. Kwa baba, sheria hudai ithibitishwe kwamba wawili hao walioana mwaka 1969. Tulikuwa na viapo viwili na picha moja, ambayo bibi harusi kainamisha kichwa mpaka linaonekana pindo la sari tu. Angeweza kuwa msichana yeyote wa wilaya nzima.

Novemba 2017 wazee waliitwa Mumbai kwa mahojiano ya viza. Ofisa akamuuliza Mama Yamunabai mumewe anaitwa nani. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama sakafu. Mara ya tatu akavuta sari kufunika uso. Mzee Ganpatrao alikuwa amesimama pale pale, mkongojo mkononi, naye amekatazwa kumsaidia. Walirudishwa na karatasi ndogo: mama ameruhusiwa, ndoa inatiliwa shaka, jalada la baba litachunguzwa upya. Mama akasema peke yake haendi popote.

Sisi tuliozaliwa kule tulielewa papo hapo. Mwanamke wa rika lake hamtaji mume. Humwita "mnasikia?", kwa wingi wa heshima, au "baba Shirish". Jina lenyewe hulitoa harusini au kwenye sherehe tu, likiwa limefichwa ndani ya mishororo miwili yenye vina, wenzake wakimcheka na kumpigia makofi. Kulitamka hivi hivi ni kumpunguzia umri.

"Kosa ni langu," Nalini aliniambia. "Nimemfundisha tarehe, nimemfundisha anwani, nimemfundisha hata rangi ya kilemba cha bwana harusi. Jina la mume sikuwaza. Nimemsikia mama yangu miaka yote akisema 'mnasikia', na bado sikuwaza!"

Ikafuata miezi kumi mibaya. Moyo wa Mzee Ganpatrao ulikuwa umeshaanza kuchoka, na kila Jumatatu Shirish alifika kaunta na habari mbaya kuliko ya Jumatatu iliyopita.

"Dada Nalini, daktari amemwongezea dawa tena. Nikija kumzika baba kwenye simu, nimlaumu nani?"

"Nilaumu mimi," alijibu. "Lakini leo nitafutie mtu mwingine aliyekula wali wa harusi ile. Hata kama alikuwa mpishi."

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, alipiga simu Wai. Meza yangu iko jirani na yake, na spika ya simu ile ina sauti kubwa.

"Mama, sema tu: Ganpatrao."

"Weh! Mwenyewe moyo wake mbovu, na wewe unataka nimtaje? Unataka nimuue?"

"Usipomtaja watamnyima, Mama."

"Na nikimtaja akafa je? Utaniletea mwingine?"

Nalini alifunika simu kwa kiganja, macho yamemtoka. Kisha akaondoa kiganja, akanong'ona, "Basi mtaje kwa vina, Mama. Kama harusini."

Kutoka upande wa pili tukasikia bibi wa miaka sabini akicheka kama msichana.

Septemba 2018 Mama Yamunabai aliitwa tena Mumbai, akaulizwa swali lile lile. Shirish alikuwa amesafiri kuwasindikiza, naye alitusimulia. Mama alijitanda vizuri, akasafisha koo, akasema:

"Wengine wana hati, na mihuri, na picha zao;
cheti changu mimi ni huyu hapa, bwana wangu Ganpatrao."

Mkalimani alicheka kabla ya kutafsiri. Ofisa akaomba irudiwe. Viza zote mbili zilitoka wiki ile.

Nalini hakusherehekea. "Hawajafika," alisema. Siku ya kuwasili, Jumapili adhuhuri uwanja wa ndege wa Newark, alinivuta niende naye pamoja na Shirish. Mama Yamunabai alitoka peke yake. Vidole vya mzee, vilivyosagika kwa miaka ya kuchimba manjano, vilikataliwa na mashine ya alama za vidole, akapelekwa chumba kingine. Tulisubiri saa nzima. Mlango ulifunguka, wakatoka watu wa watu, ukafungwa. Nalini alinishika mkono mpaka ukaniuma. Hakuna aliyekuja kutueleza kitu.

Ndipo Mama Yamunabai alipomwachia mwanawe begi, akauendea ule mlango, akapiga ukelele:

"Ganpat! Ganpat Shelar! Ganpat!"

Bila vina, bila heshima yoyote. Ukumbi mzima uligeuka. Shirish aliganda. Hakuwahi kulisikia jina la baba yake likitoka hivi hivi kinywani mwa mama yake.

Mlango ukafunguka, mzee akatokea na mkongojo wake, amekasirika kwelikweli. "Umeniita vipi wewe, mbele ya watu?"

"Nimeogopa," alisema Mama, huku analia. "Nisingekutaja, wangejuaje kama una mwenyewe?"

Dada Nalini, umetuachia majalada arobaini na moja ambayo hayajajibiwa, na kila moja lina mtu anayesubiri nyuma ya mlango. Asante kwa miaka yote uliyokaa roho juu kwa ajili yao. Nenda ukapumzike, uishi kwa afya na amani. Kuanzia Jumatatu, zamu ya kuogopa ni yetu.

Hemangi Rane, Idara ya Maombi ya Familia