Marehemu Sinan bin Amur na Barua ya Bandar Jissah

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2024, saa nne na robo asubuhi, Bi Mahfoudha alikuwa jikoni kwake Ghubra, Maskati, akikamua tui la samaki wa mchana, mikono yote miwili imo ndani ya bakuli, simu ikalia juu ya friji, akaibonyeza kwa kiwiko, akasikia sauti ya mwanawe mdogo, Nawar, kutoka hospitali: "Mama, acha ulichoshika." Akamjibu, "Sema, nasikia," akaendelea kukamua mpaka chicha likakauka, kwani alishajua, na alijua vilevile kwamba kabla ya adhuhuri nyumba itajaa watu na watu hao watakula. Hivyo ndivyo ilivyofika nyumbani habari ya kufariki kwa Bwana Sinan bin Amur bin Sinan bin Khattab, mume wake wa miaka arubaini na sita, na historia yake, kama alivyoagiza mwenyewe, inasomwa leo siku ya tatu na mwanawe mkubwa, Ayman, baada ya khitma na kabla ya chakula, katika sabla hii, ukumbi wa mtaa wetu, na si pengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1949, Malindi, Unguja, mtoto wa tatu wa Bwana Amur, na mtu akiuliza vipi kizazi cha manahodha wa Sur ya Omani kilizaliwa Unguja, jibu lake ndilo lililomweka marehemu macho maisha yake yote. Babu wa baba yake, Nahodha Khattab, alikuwa na karatasi na bendera ya Kifaransa, kama walivyokuwa nazo manahodha wengi wa Sur wakati ule, ili manowari za Kiingereza zisimsimamishe baharini kumpekua. Wako waliojificha nyuma ya bendera hiyo wakabeba watumwa, na hilo hatulifichi, lakini Khattab alibeba tende na chumvi. Mwaka 1898 Wafaransa walipewa ahadi ya kuweka makaa ya mawe ya meli zao katika ghuba ya Bandar Jissah, pale mbele ya Bustan, na Februari 1899 Waingereza wakaleta manowari mbele ya kasri la Maskati, wakaelekeza mizinga, wakamtaka Sultani aivunje ahadi ile, naye akaivunja, maana mzinga haujibiwi kwa maneno. Ikatafutwa sasa shingo ya kubebeshwa lawama, ijulikane nani aliyewaonyesha Wafaransa kina cha ghuba ile, na tarjumani mmoja wa Waingereza akataja jina la Nahodha Khattab. Khattab akafungwa miezi saba, chombo chake kikachukuliwa, alipotoka akampakia mkewe na mtoto mchanga katika chombo cha watu, akaenda Unguja asirudi tena, na njiani, nguo zilipowaishia, mkewe aliikata ile bendera ya Kifaransa akafanya winda za mtoto. Mtoto huyo ndiye babu wa marehemu. Wakubwa wenyewe, Mwingereza na Mfaransa, walipatana mwaka 1904, wakapeana mikono na kula meza moja, na ugomvi wao wakatuachia sisi.

Marehemu alisoma Unguja kuanzia mwaka 1956, masomo yakakatika Januari 1964 familia ilipoondoka, akamalizia sekondari Mombasa mwaka 1967, akafanya kazi ya ukarani Dubai miaka mitatu, na tarehe 5 Oktoba 1971 akateremka Maskati na sanduku moja, mtu wa kwanza wa kizazi chake kurudi tangu winda zile. Mwaka 1972 aliajiriwa ofisi moja ya serikali, Maskati ya zamani, akiwa karani wa ramani za bahari, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na saba bila ya kuchelewa hata siku moja, na ghuba zote za pwani hii alizijua kwa kina chake kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake. Ofisini humo alipewa meza inayotazamana na meza ya Ustadh Yaarub bin Talal, ambaye yumo humu ndani, na ambaye babu wa baba yake ndiye yule tarjumani.

Alimwoa Bi Mahfoudha tarehe 17 Agosti 1978, wakajaaliwa watoto watatu, Ayman mwaka 1980, Ruba mwaka 1982 na Nawar mwaka 1989, na wajukuu saba. Alikuwa mume mwenye maneno machache, hakujua kuwasha jiko, wala hakuwahi kula chakula akakisema kibaya, na Bi Mahfoudha anasema hayo yanatosheleza.

Tarehe 18 Novemba 1997, katika sabla hii hii, Ustadh Yaarub aliombwa azungumze juu ya meli za kigeni zilizopita Maskati, akazungumza vizuri, mwisho akamnyoshea marehemu kidole mbele ya wazee na vijana, akasema, "Huyu hapa kitukuu cha nahodha aliyeuza bandari kwa kitambaa cha rangi tatu." Watu wakacheka. Marehemu akajibu palepale, "Kitambaa hicho babu yangu alikivaa makalioni, Yaarub, kwa hiyo thamani yake sisi tunaijua," watu wakacheka zaidi, na aliyekuwepo angedhani yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 2003 Ruba alikuwa ameshachumbiwa, siku imeshawekwa, dhahabu imeshapimwa, mjomba wa bwana harusi akapiga simu akasema, "Hatuoi kwa waliouza bandari," maneno yaleyale, ila bila ya kicheko. Bi Mahfoudha alirudisha nguo na manukato dukani, akabaki na ubani kwa sababu ulishafunguliwa, na Ruba, ambaye leo ana mume mwema na watoto watatu, alilala chumbani siku tisa ukuta ukiwa ndio mwenzake. Siku ya kumi marehemu akamwambia mkewe, "Mie nnakwenda kusoma Kifaransa."

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kila Jumatatu na Jumatano jioni alikaa darasani na wasichana wa chuo waliokuwa wakimwita baba na kumsahihisha matamshi, nyumbani akawa anayarudia maneno msalani kwa sauti mpaka Nawar akamwambia, "Baba, jirani watadhani unaumwa." Alipoweza kuandika alianza kuwaandikia watu wa nyaraka kule Ufaransa, barua ishirini na tatu kwa miaka minane, wakimjibu kwa heshima kwamba hakuna kitu, naye akiwajibu kwa heshima kwamba watazame tena. Tarehe 9 Machi 2012 ikafika bahasha, na ndani yake nakala ya barua ya Kiarabu, yenye tarehe 22 Januari 1898 na muhuri wa tarjumani, akimwandikia balozi wa Kifaransa kwamba anaomba karatasi na bendera kwa chombo chake mwenyewe, na kwamba, ikikubaliwa, yuko tayari yeye kwa mkono wake kuonyesha kina cha Bandar Jissah, mahali gani meli kubwa itatia nanga na mahali gani itakwama. Chini yake vimeandikwa vina, pima kwa pima, na marehemu alivilinganisha na ramani alizokuwa akizitunza, vikaafikiana. Aliyeionyesha ghuba ni tarjumani. Mizinga ilipokuja, akaitoa shingo yake akaiingiza ya Khattab.

Marehemu aliiweka barua mezani akasema, "Mahfoudha, nimempata." Bi Mahfoudha akamwambia, "Basi mtangaze, leo leo, nishike simu niwatumie watu." Akamkataza, akasema, "Tusi lake Yaarub halikuletwa kwa simu. Mie nna subira kuliko manowari. Nnataka asome mwenyewe, kwa mdomo wake, palepale alipolisemea." Tangu hapo, kila Idi, Idi ishirini na sita, alimwandikia Ustadh Yaarub mwaliko kwa mkono wake, njoo ule kwangu, kisha twende sabla, nna kitu cha kukusomesha, na kila Idi likaja jibu, mara ana wageni, mara sukari imepanda, mara gari bovu. Bi Mahfoudha alimwekea sahani yake kila mara, na sahani ile ikawa ya Rufus, mlinzi wa jengo la jirani, kijana Mkenya, ambaye Idi moja alisema, "Mama, huyu mgeni wenu Mungu amzidishie shughuli."

Marehemu alianza kuugua figo mwezi wa Februari 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, naye alikuwa mgonjwa mwepesi, akibeba mto wake mwenyewe na kuwauliza wauguzi habari za watoto wao. Siku ya Alkhamisi, tarehe 10 Oktoba, alimwomba Bi Mahfoudha amkaribie, akamwambia, "Safari hii atakuja. Mwaliko huu hawezi kuukataa," na Bi Mahfoudha, aliyedhani anaweweseka, akatazama macho yake akaona anacheka. Kwani ni kweli, harusi mtu husingizia gari, Idi husingizia sukari, lakini matanga ya mtu mliyetazamana naye miaka thelathini na saba, katika mji huu, asiyefika anahesabiwa mpaka kwa wajukuu zake. Alifariki Jumapili saa nne kasoro dakika kumi, akazikwa siku ileile baada ya alasiri, na Ustadh Yaarub alikuwa wa nne kushika jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu na nusu bila ya kumnunia, majirani wa Ghubra walioleta maji, mikeka na masufuria kabla ya kuombwa, Rufus na mkewe Maureen waliosimama jikoni siku zote tatu na kukataa kukaa, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya zamani, wote, kwa majina yao yote.

Mila yetu ni kwamba mwisho wa khitma msemaji huwaomba watu wamsamehe marehemu, na hutangaza kwamba naye amewasamehe wote. La kwanza tunaliomba, msameheni. La pili aliliacha kwa maandishi, nalo linasomwa kama lilivyo: amewasamehe wote, isipokuwa mmoja ambaye msamaha wake uko tayari, umeandikwa na umetiwa saini, na utatoka akishamaliza kusoma.

Lala sasa, Sinan bin Amur, Mungu akupanulie kaburi lako, umengoja vya kutosha.

Masinia yameshatandikwa, arubaini na moja, watu wanne wanne, Nawar amehesabu mara mbili na idadi imetimia, watu mia moja sitini na nne, hakuna aliyekosekana. Bi Mahfoudha yuko nyumbani, yuko eda, lakini ameagiza milango ya sabla iachwe wazi, asije mtu akasema amefungiwa, na ameagiza Ustadh Yaarub apewe sinia la mwanzo, la mbele, kama anavyostahiki mgeni aliyengojwa miaka kumi na miwili. Chini ya sinia hilo ipo nakala ya barua, imekuzwa maandishi ili isimchoshe macho. Atasimama, atasoma mpaka kwenye muhuri, kisha tutasema bismillahi, na kabla ya hapo hakuna atakayetia mkono.

Ustadh Yaarub, wali unapoa.