Barua ya Kurudi Kambini

Waliokuwepo siku hiyo ni Shiundu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Katibu. Wanyoike, fundi wa masanduku ya bati, aliyeitwa Spika kwa sababu hakuna aliyezungumza bila yeye kutoa au kukataa ruhusa. Maingi wa mkokoteni, jina lake la kijiweni Redio. Na Nabalayo, mwenye birika la kahawa, na mtoto wake Lorine mgongoni. Fadumo alikuja baadaye. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya mawe nyuma ya nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, za Shauri Moyo, pale njia ya miguu inapoanza kuteremka kwenda soko la Gikomba. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imechelewa, vumbi likaingia hadi ndani ya vikombe. Nabalayo hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya wanaume. Alikuwa ameishia darasa la nane, na hapo kijiweni watu walizungumza kama waliokula chakula na mawaziri. Lakini macho alikuwa nayo. Alikuwa ameona, kwa mfano, kwamba Spika, mwenye mdomo mkali kuliko wote, ndiye aliyeuvuta ule ubao kila asubuhi ili kivuli cha ukuta kimwangukie mwenye mtoto.

Habari ililetwa na Redio, kama kawaida. Alisimamisha mkokoteni, akaketi, akasubiri hadi wamwulize kuna nini, na walipokataa kumwuliza akasema mwenyewe. Imetangazwa kwamba wakimbizi wote walio mjini warudi kambini kabla mwezi haujaisha. Na mkimbizi atakayepatikana njiani bila barua ya ruhusa, atashikwa.

— Sawa kabisa, alisema Spika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wako na miaka sita.

— Sasa jembe umewapa lini? Redio alimwuliza. Msee amefungiwa kambini, kutoka ni kwa barua, kazi haruhusiwi. Hilo jembe atalimia wapi, kwa blanketi?

— Usinipotoshee methali, Redio.

— Methali ni yako. Mimi nimeuliza tu jembe liko wapi.

Spika alikuwa na lake moyoni, na Nabalayo alilijua. Chumba alichokuwa amekaa miaka kumi na mmoja kilikuwa kimetolewa notisi ya kuhama, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesikia kwamba kule Eastleigh wageni wanalipa mara mbili. Hakuna mgeni aliyekuja kukitaka. Ilitosha kwamba mwenye nyumba amesikia. Kwa hiyo Spika alipoanza kusema habari za mipaka na bunduki na vijana wa Gikomba wasio na kazi, sauti yake ilitoka kama ya mtu anayegongewa mlango.

Kikombe cha pili kikaleta maneno ya kikombe cha pili. Katibu, aliyekuwa mtu wa taratibu, alieleza kwamba shida si watu bali ni hesabu: serikali ikikuhesabu kambini Dadaab jana, haiwezi kukukuta Nairobi leo, vitabu vitagombana. Redio akasema hiyo ni nusu tu. Yeye alikuwa amesikia kwa mtu wa kuaminika kwamba wazungu hupiga picha kambi ile kutoka angani kila Ijumaa, na wakiona mahema bila watu wanakata mgao wa mahindi. Ndiyo sababu watu wanarudishwa: kujaza picha. Spika naye akasema picha si kitu, uchaguzi uko mwisho wa mwaka, na kuna mtu mkubwa anayetaka watu hawa wawekwe mahali pamoja ili siku ikifika wapewe kura kwa lori. Redio akamwambia kwa njia hiyo hiyo basi mbona wasiwaache hapa Kamukunji ambapo kura zinahitajika. Hapo Katibu akakumbuka kwamba chini ya mchanga wa Dadaab kuna mafuta, na kwamba mahema yamewekwa juu yake makusudi, asiyaone mtu.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimalizia.

Hakuna aliyejua ameisemea nini, lakini walitikisa vichwa.

Halafu Redio, labda kwa kuwa alikuwa ameshinda mara nyingi asubuhi hiyo, akasema neno ambalo hakupaswa kulisema.

— Spika, ndugu yako alipotoka Molo mwaka wa tisini na mbili, nyumba inawaka nyuma yake, alibeba barua ya nani?

Spika aliweka kikombe chini.

— Ndugu yangu alikuwa nchini mwake.

— Si ndiyo nasema. Alikimbizwa nchini mwake na alilala kanisani miezi minane. Sasa mtu wa nchi ya mbali.

Wote walimjua ndugu huyo, alikuwa amekaa kwenye ubao huo huo mwaka mzima bila kusema zaidi ya salamu, kisha akafa Pumwani kwa homa ambayo mtu mwenye hamu ya kuishi angepona. Nabalayo alichukua kikombe cha Spika, akakijaza kahawa ya tangawizi na kumrudishia. Redio akainama, akaanza kufunga upya mpira wa gurudumu ambao haukuwa umelegea.

Ni hapo Fadumo alipotokea.

Wanaume walimjua kwa kumwona tu, kama mama wa buibui anayepita na chupa mbili za chai akienda kuwauzia watu wa mitumba. Nabalayo alimjua zaidi. Vyumba vyao vilitazamana. Lorine alipougua surua, Fadumo ndiye aliyekuja kila jioni na maziwa ya moto, akakaa chini akimpepea mtoto kwa kipande cha katoni hadi mama yake apate usingizi kidogo. Na kuna jambo lingine ambalo hawakuwahi kulizungumza: Fadumo hakupita njia hii na chupa zake kabla birika la Nabalayo halijaisha. Alizunguka kwa mbali, juani.

Siku hiyo hakuwa na chupa. Alisalimu, akasimama. Katibu akasogea, akampa nafasi kwenye ubao, lakini hakuketi.

Alieleza kwa Kiswahili chake cha polepole. Mama yake alikuwa kambini. Jana Fadumo alikuwa ameitwa Eastleigh, kwenye chumba cha mtu mmoja, Bulle, mwenye redio ya upepo ambayo watu husemeshana nayo na walio mbali, akamsikia mama yake akipumua kati ya maneno. Siku tisa hali chakula. Alikuwa amesema neno moja tu la maana, kwamba angependa kuoshwa nywele na binti yake.

— Serikali inasema turudi, alisema Fadumo. Mimi nataka kurudi. Lakini barua ya njia inaandikwa kule kambini, na mimi niko hapa. Barua ya kwenda naandikiwa na nani?

Spika alisema aende kituo cha polisi aeleze. Redio akasema mkimbizi akiingia kituoni bila barua amewapunguzia karao kazi ya kumtafuta. Basi apande basi hivyo hivyo, akasema Spika, anarudi wanakotaka arudi, nani atamzuia? Redio akahesabu kwa vidole vizuizi vilivyo barabara ya Garissa, na vidole vya mkono mmoja vikaisha. Katika kila kimoja, abiria hushuka na vipande vya kitambulisho mikononi.

— Kwa hiyo akikaa ni kosa, alisema Spika polepole, na akienda ni kosa.

Alisema kama mtu aliyekuwa akiunga mkono tangazo asubuhi yote na sasa ndiyo analisoma.

Katibu alikuwa akipapasa mfuko wa ndani wa koti. Hilo koti hakulivua hata kwenye joto. Ndani yake mlikaa muhuri wa Chama cha Mazishi cha watu wa magharibi wanaoishi Shauri Moyo, kibati cha wino, na karatasi zenye mistari zilizokunjwa mara nne. Kila maiti iliyotoka mtaa huo kwenda kuzikwa nyumbani ilisindikizwa na barua ya Katibu. Inamtaja aliyefariki, inawataja wanaosafiri naye, inasema wameishi wapi na kwa muda gani na kwamba ni watu wema wanaojulikana. Miaka tisa aliziandika. Kutoka Nairobi hadi Webuye, usiku na mchana, hakuna askari aliyewahi kuirudisha hata moja. Wengine walivua kofia.

— Nitamwandikia mimi, alisema.

— Katibu, hajafa mtu, alisema Redio.

— Katiba yetu, kifungu cha nne, msiba na ugonjwa. Na wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Maana yake barua ni barua.

Akaomba gazeti lililofunika mandazi ya Nabalayo, akaliweka magotini, akaanza. Aliandika kwa mkono mzuri wa watu wa zamani. Alipofika kwenye sehemu ya wema wa mtu akasimamisha kalamu, kwa maana huyu mama hakumjua vya kutosha, na barua ya chama haiandikwi kwa kubahatisha. Akauliza nani anamjua.

Nabalayo alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

— Andika anaishi nasi. Andika alimlea mtoto wangu alipougua. Tangu aje hajagombana na mtu, hata kwa foleni ya maji.

Katibu aliandika.

— Ni tangu lini? aliuliza.

Nabalayo hakuwa na hakika. Ni Spika aliyejibu. Alikuwa ameinamia kikombe, hakumtazama mtu.

— Mwezi wa kumi, tisini na mbili. Mimi ndiye nilimtengenezea sanduku alipofika. Andika pia ni mpangaji mwema. Hana kelele.

— Spika, alisema Redio, taratibu, bila kejeli safari hii.

— Andika tu. Mtu akisemwa vizuri asemwe kamili.

Nabalayo alimtazama Spika, akafikiri hajawahi kumpenda mtu wa kijiweni kama alivyompenda huyo mzee dakika hiyo. Katibu akamaliza. Alipuliza muhuri, akaugonga mara mbili, mmoja chini ya sahihi na mwingine juu ya tarehe, asije mtu akaibadilisha. Spika akaweka sahihi kama shahidi. Nabalayo akaweka ya kwake, herufi moja moja, Lorine akivuta kalamu kutoka mgongoni. Redio, ambaye hakujua kuandika, akaweka kidole.

Fadumo aliomba asomewe. Katibu akasimama na kusoma kama anavyosoma kaburini: kwamba mwenye barua hii, Fadumo, ameishi nasi hapa Shauri Moyo, Nairobi, tangu mwezi wa kumi mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na mbili, ni mtu mwema anayejulikana, alimlea mtoto wa jirani alipougua, hajagombana na mtu hata kwa foleni ya maji, ni mpangaji asiye na kelele, na anasafiri kwenda kambini Dadaab kumwona mama yake mgonjwa, kwa hiyo asaidiwe njiani.

Fadumo alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalikuwa yamemtoka pale penye mtoto na foleni ya maji. Aliyafuta kwa ncha ya buibui, kisha akawatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza bila ubaya wowote:

— Na wakiniuliza nani aliniruhusu kuishi na nyinyi?

Katibu aliitazama barua. Redio alitazama Gikomba. Nabalayo alishika birika ili amimine kitu, lakini lilikuwa jepesi mkononi, mashapo ya kahawa matupu.

Katibu aliikunja barua mara nne, akampa kwa mikono miwili. Fadumo akaipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na nyingine.

Aliondoka Alhamisi asubuhi. Katika kizuizi cha tatu askari aliisoma mara mbili, akamwambia ni barua nzuri, akamshusha. Ndiyo iliyosomwa mahakamani, kuthibitisha kwamba alikuwa nje ya kambi kwa miaka minne na miezi mitano. Alifungwa miezi mitatu, na mama yake alizikwa Dadaab katika wiki ya pili ya kifungo hicho.