Picha na Nyati wa Machimboni

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha cherehani, katikati ya kinyozi na fundi viatu. Nyuma yetu ni maghala, na nyuma ya maghala ni mashimo wanakochimba udongo wa matofali. Benchi ni langu, nimeligonga mwenyewe kwa mbao za makreti, lakini wanaolikalia utadhani wameachiwa na baba zao. Asubuhi ile kahawa ilimiminwa na hakuna aliyeifurahia. Tangu jana nyati dume, peke yake, alikuwa amelala kwenye shimo la matofali. Askari wa wanyamapori walipita na kipaza sauti, wakasema mtu asisogee huko mpaka warudi na bunduki ya sindano ya usingizi. Na mdogo wangu wa tumbo moja, tunayemwita Picha kwa sababu ya studio yake pale kona, alikuwa amebeba kamera akaenda.

Alikwenda kwa baraka zetu, na hilo ndilo lililokuwa linanikaba. Kijiweni kwetu anayesema "sijui" anawalipia wote kahawa. Kwa hiyo hakuna asiyejua. Picha alipotuuliza kama nyati anasogeleka, tulimjibu wote.

Wa kwanza alikuwa Redio, dereva mstaafu wa lori, ambaye hata ukimzima anaendelea.

— Mnyama aliyelala ameshiba. Aliyeshiba ana ugomvi gani na mtu?

Bingwa, kinyozi, akasema nyati haoni, anaishi kwa pua tu. Ukimwendea kinyume cha upepo unaweza kumkuna masikio na asijue ni nani. Fundi viatu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, akasema amewahi kushona ngozi ya nyati na ilimvunjia sindano. Ngozi nene hivyo haisikii kitu, na asiyesikia kitu atakasirikia nini? Mimi nami sikutaka kulipia kahawa. Nilimwambia avae lile shati la kaki nililomshonea, nyati atamwona tofali. Tukacheka. Picha akacheka zaidi yetu, akasema picha ya nyati ukutani itawarudisha wateja, akaenda zake.

Sasa simu yake ilikuwa inaita tu. Nikapiga tena. Redio akasema pengine ameuzima mlio ili usimshtue mnyama. Bingwa akasema hapana, mtandao wa machimboni ni mbovu. Mimi nilimwambia Bingwa simu isiyo na mtandao haiiti, akachukua mkasi akaanza kuufuta, na hilo likanitia hofu kuliko maneno yake.

Wafyatua matofali wawili ndio waliomleta, kwenye mkokoteni, mbio. Walisema Picha alijisogeza mpaka akawa anasikia nyati anavyopumua, akapiga picha moja, akachuchumaa apige ya pili. Nyati hakutoa sauti. Aliinuka na kumjia, pembe ikaingia pajani ikapasua kwenda chini, kisha akarudi kulala. Damu ilikuwa inapita kwenye nyufa za mbao za mkokoteni na kutiririka chini. Ilikuwa nyekundu sana na ilitoka kwa mapigo.

Mfyatua matofali mmoja akapiga simu zahanati, wakasema gari linakuja. Na kijiwe, Mungu atusamehe, kikaanza kikao.

Bingwa akataka unga wa kahawa umwagwe kwenye jeraha, maana yeye huziba hivyo akimkata mteja kidevuni. Redio akasema anyweshwe kahawa ya moto yenye sukari nyingi, irudishe kilichotoka. Fundi viatu alikwisha kurudi na sindano yake ya viatu na uzi wa nailoni, akauliza nani atamshika mgonjwa.

Nikamsukuma fundi viatu kando. Nilivuta kitambaa cha suti ya mteja kilichokuwa mezani, nikakikunja, nikakitumbukiza kwenye jeraha na kulalia kwa uzito wangu wote. Damu ikapenya. Nikaongeza kingine juu yake, nikakandamiza. Ikapenya tena, na uso wa Picha ukawa rangi ya majivu. Nikamwambia mfyatua matofali aweke mikono palepale na asilegeze. Nikakata utepe mpana wa turubai, nikaufunga juu ya jeraha, karibu na nyonga, nikapitisha mpini wa nyundo ya fundi viatu na kuuzungusha. Picha akanitukana tusi ambalo mama angetuchapa wote wawili. Nikazungusha tena. Damu ikasimama.

Hapo ningeshukuru na kunyamaza. Lakini gari lilikuwa halijafika, na Redio hawezi kukaa kimya penye nafasi.

— Fundi cherehani, mguu lazima upumue. Hata tairi likijazwa upepo sana unalipunguza kidogo, ama sivyo linapasuka.

Bingwa akamuunga mkono, akasema vidole vimeanza kupauka. Ni kweli vilikuwa vimepauka, na baridi niliyoigusa pale unyayoni ilinitisha. Nikalegeza. Damu ikaruka mpaka kwenye aproni ya Bingwa. Nikakaza upesi, mikono ikiteleza, na sikuulegeza tena. Redio alitaka tujaribu mara ya pili polepole. Nilimwambia akigusa mpini huu nitamgonga nao.

Wakahamia kwa nyati. Redio akasema yule hakuwa ameshiba, ndiyo maana. Bingwa akasema upepo uligeuka. Fundi viatu akasema huenda ngozi ile aliyoishona haikuwa ya nyati. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika mpini kwa mikono miwili, namtazama mdogo wangu asifumbe macho. Nilimfundisha huyu kuendesha baiskeli. Alinishika mkono wa shati.

— Kaka, usiache.

— Siachi.

Gari likaja. Akashuka dada mmoja mfupi wa zahanati, glovu tayari mikononi, akapiga magoti upande wa pili wa mkokoteni. Akatazama vitambaa, akatazama turubai na mpini, akaufunga mpini kwa bendeji usizunguke. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba tusingekandamiza angekuta maiti, na kwamba mkazo kama huu ukishakazwa haulegezwi mpaka hospitali. Kisha akatoa kalamu nene ya wino, akaisogeza kwenye paji la uso la Picha.

— Mlifunga saa ngapi?

Redio akasema saa nne, anakumbuka vizuri. Bingwa akasema saa tano kasoro, alikuwa amemaliza kichwa cha pili. Fundi viatu akasema ilikuwa baada ya birika la pili. Wakaanza kubishana kama ihesabiwe ile mara ya kwanza au tulipokaza tena. Dada hakuwageukia. Alinitazama mimi, mwenye damu mpaka viwikoni.

— Wewe ndiye uliyefunga?

— Ndiyo.

— Daktari wa upasuaji ataniuliza mguu huu umekaa bila damu kwa muda gani. Hicho ndicho atakachotumia kuamua kuukata au kuuacha. Saa ngapi, kaka?

Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Picha alikuwa amenikazia macho, anangoja nimjibu yule dada. Niliitoa simu, ikanionyesha saa ya sasa tu; tulipofunga sikuitazama.

 Dada akaandika saa hiyo kwenye paji la uso la mdogo wangu, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, wakampakia.