Masalu Nkwabi, Ndugu Yetu Tusiyejua Alikozaliwa

Wasifu uliosomwa na dada yake, Mbuke Nkwabi, kwenye mazishi nyumbani kwao Mwabuluma, Kishapu, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani, na ninyi wachimbaji mliotoka Kakola kuja kutusindikiza: mwangaluka, na poleni kwa msiba.

Wasifu wa marehemu huanza na tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na jina la mama. Huu hautaanza hivyo, kwa sababu familia haikutaka kusema uongo mbele ya jeneza. Tangu Alhamisi mmesikia kwamba ukoo unabishana: marehemu azikwe hapa karibu na zizi, alipolala Mzee Nkwabi, au apelekwe machimboni akazikwe na wasio na kwao, tena, msalabani liandikwe jina gani. Mmeyasikia kisimani, mmeyasikia kijiweni kwa bodaboda, na kila aliyepokea aliongeza chumvi yake. Basi pokeeni yaliyo kweli.

Masalu Nkwabi, mtoto wa kwanza wa Mzee Nkwabi na Bibi Mageni, alizaliwa hapa Mwabuluma tarehe 3 Machi 1974. Agosti 1999, baada ya pamba kukataa miaka miwili mfululizo, aliaga kwamba anakwenda kujaribu dhahabu. Mara ya mwisho alionekana Buseresere mwaka 2003. Baba yake alifariki 2005 akiwa bado anamuulizia. Huyo siye tunayemzika leo. Tunayemzika leo alizaliwa mahali tusipopajua, kwa wazazi tusiowajua. Daktari aliyemtazama meno mwaka 2009 alikadiria miaka arobaini, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Usingizini alikuwa akisema Kizinza, kwa hiyo tunadhani ni mtu wa kule magharibi, upande wa ziwa. Zaidi ya hapo hatuna.

Alifikaje kwetu? Novemba 2009 duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, lilititia nje ya Bulyanhulu. Watu watatu walitolewa wazima. Wa nne alitolewa kwenye kifusi kichwa kimepasuka, hajitambui. Alikuwa na siku mbili tu kazini, na hakuna aliyekuwa amemuuliza jina. Machimboni mtu huitwa lolote, Kiberiti, Mjomba, Nusu Mkate, na jina la nyumbani huachwa stendi. Alilazwa hospitali wiki tatu bila kutamka neno. Ndipo Davis, muuza mitumba wa hapa Kishapu, alipopita kumjulia hali mgonjwa wake, akamwona huyu kitanda cha pili na kusema, "Jamani, huyu si Masalu wa Mzee Nkwabi?" Davis yuko hapa leo, na miaka kumi na tano hajachoka kuomba radhi. Wachimbaji walichanga nauli, na Jumamosi tarehe 5 Desemba 2009 mgonjwa alishushwa kwenye uwanja huu mliokaa.

Bibi Mageni alimshika mkono, akamwita mwanangu, akaamuru mbuzi achinjwe. Mbuke, anayesoma wasifu huu, alikuwa na miaka ishirini na sita. Alijua pale pale mgonjwa alipoletewa chakula. Masalu alikuwa wa shoto; huyu alinyoosha mkono wa kulia. Akamvuta mama yake pembeni.

"Mayu, huyu si Masalu."

"Najua. Lete maji anawe."

"Unajua, halafu umechinja mbuzi?"

"Masalu wangu naye huenda ameshushwa kwenye uwanja wa mtu. Unataka huyo mama amrudishe barabarani?"

Mbuke alikwenda mtungini. Maji aliyaleta, lakini aliyaleta kwa hasira, na hasira hiyo alikaa nayo miaka mingi. Alikuwa akiona kwamba mgeni amekalia kiti cha kaka yake, na kwamba siku kaka akirudi atakuta hakuna aliyemsubiri. Anayasema haya leo kwa sababu marehemu aliyajua yote na hakuwahi kumlipiza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alijichukulia mwenyewe kabla kidonda cha kichwa hakijakauka. Hakuweza kusema, lakini alipalilia, alikamua, na ng'ombe walimzoea upesi kuliko watu. Alikaa kimya miezi saba. Majirani walishaanza kumwita bubu wa Mageni. Kisha jioni moja ya Julai 2010, familia nzima imekaa inakula, alimeza tonge, akakunja uso, akasema, "Mboga haina chumvi." Bibi Mageni alicheka mpaka akatokwa machozi. Aliyekuwa amepika ni Mbuke, ambaye hakucheka.

Kuhusu elimu, hatujui alisoma wapi. Tunajua alisoma, kwa sababu mwaka huo huo wa 2010 alimsahihishia mtoto wa jirani jedwali la saba na la nane bila kutazama popote. Jina la baba yake lilikuwa limefutika kichwani, lakini saba mara nane ilikuwepo. Yupo mwalimu mahali fulani aliyefanya kazi yake vizuri, nasi tunamshukuru.

Aliporudiwa na maneno, alimwendea Bibi Mageni akamwambia ukweli wake. "Mayu, mimi sidhani kama ni Masalu. Ila sijui ni nani." Bibi akamjibu, "Kula kwanza." Alipotaka kuondoka asiwe mzigo, bibi alimfichia viatu. Mwaka 2011 ndipo alipomruhusu kurudi Bulyanhulu kujitafuta, kwa sharti kwamba kila sikukuu awe nyumbani. Alizunguka duara kwa duara, krasha kwa krasha zinakosagwa mawe, akiuliza kama kuna anayeijua sura yake. Hakumpata. Aliowapata ni watu waliolala chini ya mabanda ya krasha: mzee aliyevunjika kiuno, kijana aliyechanganyikiwa akili, mama aliyeachwa na mume aliyekimbilia rashi ya dhahabu mpya kwingine, wenye vifua vilivyojaa vumbi la mawe. Wote walikuwa na kwao, na hakuna jirani aliyejua ni wapi.

Hiyo ikawa kazi yake mpaka mwisho. Mama lishe wa Kakola pale machimboni, Bi Zuwena, alimpa kibanda cha nyuma ya mgahawa wake. Marehemu alinunua daftari, akaanza kuwauliza wachimbaji kabla hawajaumia: jina ulilopewa na baba, kijiji, mtu wa kupigiwa simu. Wengi walimtukana, maana yupo aliyekimbia deni na yupo aliyekimbia wake wawili. Lakini Bi Zuwena aliweka sheria kwamba asiyeandikwa hanywi chai kwake, na chai ya Bi Zuwena mnaijua.

Chakula na dawa vilihitaji fungu. Kwenye duara, mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko: ya mwenye duara, ya mwenye shamba, ya wachimbaji. Marehemu alisimama kwenye mgao wa Bwana Akida, mwenye duara, akaomba mfuko mmoja uwe wa wasio na kwao.

"Mzee, mawe si sadaka," Akida alimwambia.

"Kesho likititia ukiwa ndani, tukupeleke wapi?"

"Kwetu Tabora, kila mtu anajua."

"Tabora ipi, Akida? Tabora kubwa."

Akida akacheka, akatoa mfuko. Ulisagwa na kuoshwa, haukutoa hata punje ya dhahabu, na machimbo mazima yalimcheka marehemu wiki nzima. Mfuko wa pili ulitoa fedha za mabati ya banda la wagonjwa. Tangu hapo Bi Zuwena ndiye anayechagua mfuko, macho yamefungwa kwa kanga yake, ili asiwepo mtu wa kuwasukumia maskini mawe matupu. Maduara ishirini na mawili yamefuata desturi hiyo. Msikiti na makanisa ya pale yalileta mahindi wakati wa mavuno. Kwa njia hiyo watu sitini na mmoja wamerudishwa kwao kwa miaka kumi na tatu, Kahama, Sengerema, Biharamulo, mmoja mpaka Burundi. Tisa walifia bandani bila kwao kujulikana, na marehemu aliwazika kwa mikono yake.

Ufadhili wa nje ulikuja mwaka 2018, na fomu zake zilitaka kitambulisho cha mwenyekiti. Marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa banda, na hakuwa nacho. Angeweza kujiandikisha kama Masalu aliyezaliwa Kishapu, na mtendaji alishakubali, lakini alikataa kuapa. Alisema jina ameazimwa na mama, kiapo hakuna aliyemwazima. Msaada ukaandikwa kwa jina la Bi Zuwena. Laini ya simu pia hakuweza kuisajili, ikawa kwa jina la Mbuke.

Hapo mtauliza Mbuke alianza lini kumkubali. Ilikuwa sikukuu ya Krismasi ya 2016, marehemu yuko zizini, daftari lake liko mezani. Mbuke alilifungua akitegemea kumkuta amejiandika yeye mwenyewe wa kwanza. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Masalu Nkwabi, wa shoto, Mwabuluma, Kishapu. Mama yake yupo. Atafutwe." Kila duara alilofika aliuliza kwanza habari za Masalu, ndipo akauliza zake. Mbuke alilia pale mezani, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumwita kaka bila kulazimishwa.

Marehemu alibatizwa mwaka 2012. Mchungaji alimuuliza kama aliwahi kubatizwa, akajibu hajui, na mchungaji akasema maji hayamdhuru mtu. Ndoa ilikuwa ngumu zaidi. Alikutana na Nelly, mjane wa Buseresere, alipompeleka mgonjwa huko, wakapendana, lakini marehemu aliogopa: je, kama ana mke mahali? Wiki nne walitangaza redioni na kwenye minada, anayemjua mtu huyu ajitokeze. Hakutokea mtu. Bibi Mageni alitoa ng'ombe wake mwenyewe kwa mahari, na Jumamosi tarehe 12 Julai 2014 walifunga ndoa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Boaz na Vumilia.

Februari mwaka huu kifua kilianza kumsumbua. Alitibiwa kwa miezi mitatu, madaktari wakajitahidi, ila vumbi la mawe lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Mei aliomba arudishwe kwa mama. Alimwambia Mbuke kwamba akifa apelekwe Kakola, akalale na wale tisa. "Nisimkalie Masalu nafasi yake," alisema. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nane mchana, Bibi Mageni akimpepea na Nelly akimshika miguu.

Alhamisi ukoo ulikaa. Mbuke hakuuficha usia ule. Mzee Mwigulu, baba yetu mdogo, aliona usia umemaliza neno.

"Shemeji," alimwambia Bibi Mageni, "sina ubaya naye. Lakini tukiandika Masalu msalabani, tumemzika mtoto wetu aliye hai. Akirudi atakuta kaburi lake linamsubiri. Na huyu mwenyewe amesema Kakola."

"Huyu alikuwa na adabu. Mwenye adabu hasemi anachotaka," Bibi Mageni alijibu. Kisha akamgeukia Mbuke. "Wewe uliyemkataa siku ya kwanza, unasemaje?"

Mbuke alisema kwamba marehemu si Masalu, na kwamba ni kaka yake, na kwamba hayuko tayari kupanda basi kwenda kumwona kaburini wakati zizi liko hapa.

Bibi Mageni akamaliza. "Mimi nina watoto wawili wa jina moja. Mmoja namzika Jumamosi. Mwingine bado namsubiri. Shida iko wapi, shemeji?"

Mzee Mwigulu aliinuka. Halafu aliomba jembe, akaenda mwenyewe kupima kaburi. Lipo karibu na zizi. Kati ya kaburi hilo na la Mzee Nkwabi ameacha nafasi ya mtu mmoja. Msalabani, mahali pa kuandika alizaliwa, fundi ameandika: Alifika 5 Desemba 2009.

Banda la Kakola halifungwi. Bi Zuwena na Bwana Akida wamesimama mbele yenu kuthibitisha, na daftari limekabidhiwa kwao.

Marehemu ameacha mama, Bibi Mageni, mjane, Nelly, watoto wawili, Boaz na Vumilia, dada, Mbuke, baba mdogo, Mzee Mwigulu, na watu sitini na mmoja walioko makwao. Ameacha pia kaka yake, Masalu Nkwabi, aliyeondoka hapa Agosti 1999, popote alipo.

Na ameacha watu ambao hatuwezi kuwataja. Kama yupo mama upande wa ziwa, au baba, au mke, au mtoto aliyekua akiulizia, tunawaandika kuwa wafiwa wenzetu na tunawapa pole. Mtu wenu hakulala nje. Alikula, akaoa, akachekwa, akaliliwa, na leo anazikwa mchana na watu wengi. Mkifika, ulizeni kwa Mageni, mtaonyeshwa alipo.

Mungu ampe pumziko la amani.