Siku Niliyoombea Stima

Bwana asifiwe, wapendwa wa hapa Manyatta. Asifiwe tena, maana mimi nina sababu.

Mimi ni mtu wa kule chini, Kiambere. Nilikuwa mtoto wa shule bwawa la stima lilipojengwa. Shamba letu lilikuwa karibu na mto Tana, na mama yangu, Igoki, alizikwa hapo. Tukaambiwa tuhame. Tulibeba mbuzi, mizinga ya nyuki, hata milango. Mama hatukuweza kumbeba. Maji yalipanda yakafunika kaburi, nami nimesimama kilimani naangalia.

Ndugu zangu, nilibaki na uchungu. Miaka mingi nyaya zilipita juu yetu kwenda kuangazia miji ya mbali, sisi tukisoma kwa koroboi. Watu wa stima walipofika kwetu hatimaye, majirani walishangilia. Mimi niliwafungia geti. Nikamwambia mke wangu, "Mama Njeru, hiyo stima imekalia mama yangu. Haiingii hapa."

Mungu alikuwa ametupa wavulana watupu. Kisha, tukiwa tumeshazoea hivyo, akaja msichana. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, na hospitali ya huko Embu wakamweka kwenye ile mashine ya joto. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Muuguzi aliponiuliza jina, nilishindwa kulitaja. Niliogopa kumzika Igoki mara ya pili.

Mchana mmoja mvua ilinyesha, stima ikapotea. Mashine zote zikanyamaza. Muuguzi akasema, "Tulia, baba, jenereta inawashwa." Mimi nilikuwa tayari nimepiga magoti kwenye korido, nalia, "Mungu, rudisha stima. Tafadhali, rudisha stima."

Ikarudi. Mama Njeru akaniangalia, macho mekundu. "Leo umeiombea?" Nikasema ndiyo. Nikamwendea muuguzi, nikamwambia, "Andika Igoki."

Wapendwa, siku hiyo Yesu alinitua mzigo. Sisemi tulitendewa haki. Hatukutendewa, na hata leo nitasema hivyo mahali popote. Lakini ile chuki ilikuwa inanila mimi, bwawa halikuwa na habari.

Sasa Igoki yuko darasa la pili, ndiye huyu amekaa hapa mbele. Mwezi uliopita nilimpeleka ziwani, nikamwonyesha upande shamba lilikokuwa, nikamwambia cucu yake, mama yangu, amelala pale chini ya maji. Akaweka mikono mdomoni, akaita, "Cucu, ni mimi Igoki!" Akangoja kidogo. Kisha akaniambia, "Amesikia, baba. Twende nyumbani."

Nililia, ndugu zangu, na nilipomaliza tukaenda nyumbani. Namshukuru Mungu. Na wewe uliyekaa hapo na uchungu wako wa miaka, mwamini, anaweza kuubeba. Njoo mbele tuombe. Ukiona haya, Igoki atakushika mkono. Yeye hana aibu na mtu.